Ugomvi wa Kumsaidia Binti Maswali

Katika hospitali ile, watu wa kufua na watu wa kushona walikuwa hawaivi chungu kimoja. Madobi walikuwa upande mmoja wa korido, na mashine zao zinazonguruma kutwa. Washonaji walikuwa upande wa pili, na vyerehani vyao na marundo ya mashuka yaliyochanika. Madobi walisema washonaji huacha pini kwenye mashuka kusudi ili watu wachomwe vidole. Washonaji walisema madobi humimina dawa ya kung'arisha kama wanaomwagilia bustani, ndiyo maana shuka lililozibwa juzi linararuka leo. Katikati palikuwa na chumba cha chai chenye mabenchi mawili, na kila upande ulijua benchi lake. Mganga mmoja mgeni aliwahi kukaa pasipo pake akinywa chai yake, akashangaa mbona kila aliyeingia alimwangalia kama ameketi juu ya kofia ya mtu.

Mkubwa wa washonaji aliitwa Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la shuka likanyooka kama yeye. Alikuwa mama mwenye mwili, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba amekasirika, isipokuwa kwa madobi, ambao hasira yake kwao aliitunza vizuri. Mkubwa wa madobi alikuwa Povu, bwana mrefu asiye na maneno mengi. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, alipozidisha sabuni mpaka povu likatoka mlangoni na kushika korido nzima. Jambo lenyewe lilikuwa la zamani, lakini Bi Pindo alilisimulia kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na kila mara povu lilikuwa limepanda zaidi ukutani.

Siku moja akaja binti mmoja na mkoba wenye mshipi uliokatika. Alisimama kwenye chumba cha chai wakati pande zote mbili zipo, akajieleza kwamba anasoma chuo kikuu, anatafuta shahada ya uzamivu, na somo lake ni chuki kati ya makundi ya watu: huzaliwa wapi na hulishwa na nini. Madobi wakacheka, washonaji wakacheka, na pengine ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja. Mtu akamwambia amefika penyewe.

Akawagawia karatasi za maswali. Je, ungependa kukaa karibu na mtu wa upande wa pili? Je, unamwamini? Je, ukijizuia kumsema vibaya, ni kwa sababu wewe mwenyewe hupendi, siyo kwa kuogopa macho ya watu? Kila swali lilikuwa na mstari wa namba, kuanzia moja ya "hapana kabisa" mpaka saba ya "ndiyo kabisa". Bi Pindo alizungushia moja kila mahali, tena kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye swali la mwisho aliandika pembeni kwamba yeye hajizuii.

Kisha yule binti, ambaye sasa walikwisha kumpa jina la Binti Maswali, akaleta mpango wa ajabu. Alikuwa ameongea na matroni, na matroni amekubali: kila alasiri, kabla ya kwenda nyumbani, mashuka makubwa yakunjwe na watu wawili wawili, dobi mmoja na mshonaji mmoja. Na katika kukunja, kila jozi ipewe kadi yenye swali moja la kuulizana. Sababu hakuisema. Washonaji walinuna, madobi wakanung'unika, lakini amri ya matroni haikuwa na mlango wa nyuma. Bi Pindo akapangiwa Povu.

Ukitaka kujua ugumu wa jambo lile, chukua shuka kubwa na mtu usiyemtaka. Kila mmoja anashika ncha zake, mnarudi nyuma mpaka likanyooka, kisha hamna budi mkaribiane, ncha kwa ncha, vidole kwa vidole, macho kwa macho. Bi Pindo siku za mwanzo alitazama dari. Povu alitazama viatu. Maswali ya kadi waliyajibu kama watu wanaotoa ushahidi polisi. Nani alikufundisha kazi? Mama. Na wewe? Njaa.

Hilo la njaa lilimfanya Bi Pindo acheke bila kupenda. Kesho yake akauliza mwenyewe, bila kadi, mbona mikono ya Povu imepasukapasuka hivyo. Povu akamweleza kwamba kipimo cha dawa hakipangi yeye, kimeandikwa ukutani kutoka kwa wakubwa, na yeye tangu zamani anapunguza kwa siri ili mashuka yasichakae. Bi Pindo alikwenda nyumbani na neno hilo kifuani. Miaka yote ile amemlaani mtu aliyekuwa akimwokolea kitambaa.

Basi mambo yakalainika, siyo kwao tu. Kwenye jozi nyingine watu waligundua kuwa watoto wao wanasoma shule moja, au kwamba wote wawili wanaogopa lifti. Kulikuwa na dobi mmoja mwembamba, mama mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliyeitwa Kiwembe; huyo na mshonaji aliyepangiwa walifikia kuazimana mwavuli. Chumba cha chai mabenchi yakabaki mawili, ila mipaka ikafutika.

Siku kadi ilipouliza ni kitu gani unaogopa kukipoteza, Bi Pindo alisubiri kwanza shuka liishe kukunjwa.

"Macho," alisema kwa sauti ya chini. "Zile pini siziachi kusudi, Povu. Sizioni. Wakubwa wakijua wataniondoa kwenye cherehani, na mimi bila cherehani sijui ni nani."

Povu hakumpa pole wala ushauri. Alichukua lile shuka, akalikunjua tena, akalipitishia kiganja lote kwa upole, akatoa pini moja kwenye pindo na kuitia mfukoni. Tangu hapo kila rundo lililotoka kwa washonaji alilipapasa yeye kwanza kabla halijafika kwa watu wake. Bi Pindo alimwona, akajitia hamnazo, na moyoni akampenda kama ndugu.

Na Binti Maswali naye walimpenda, pande zote. Alikuwa na tabia ya kusikiliza huku amefungua mdomo kidogo, kama mtoto anayetazama mvua. Bi Pindo alimshonea ule mshipi wa mkoba. Povu alimtolea doa la wino kwenye blauzi yake nzuri, ambalo yeye alikwisha kulikatia tamaa. Wakamzoea kiasi kwamba siku alipokuja na macho mekundu, hakuna aliyemwacha apite bila kusema kilichompata. Akasema. Utafiti wake wa kwanza ulivunjika katikati, mahali pengine, baada ya watu kuhamishwa kazi. Chuo kimempa nafasi hii moja tu. Wiki ijayo atawapa maswali yaleyale kwa mara ya mwisho, na majibu yakiwa si kitu, jina lake litafutwa, atarudi kupokea simu kwenye ofisi ambayo bosi wake alimwambia wazi kuwa kiti chake kinamngoja.

"Sasa mwanangu, tukujibu vipi ili ufaulu?" Bi Pindo aliuliza.

"Siruhusiwi kusema ninachotafuta, mama. Nikisema, majibu yenu hayatakuwa na thamani. Andikeni tu ukweli."

Akaenda zake. Bi Pindo akabaki ameshika kikombe, na wazo likamwingia. Kesho yake asubuhi alimvuta Povu mpaka ghala la mashuka, akafunga mlango.

Akamwambia kwamba yule mtoto amekwisha, na waliommaliza ni wao. Amekuja kusomea chuki. Mtu anayesomea ugonjwa anahitaji wagonjwa, na wao wamepona bila hata kumwomba ruhusa. Akiwapa karatasi sasa wataandika kwamba wanapendana, naye atapeleka nini chuoni? Utafiti wa chuki usio na chuki ndani yake?

Povu alikuwa na shaka. Alisema labda chuo kingefurahi watu wakipatana. Bi Pindo akamuuliza kama amewahi kuona daktari wa meno akifurahia mtaa usio na jino bovu. Povu hakuwa amewahi. Akakata shauri kwamba huyu mama ana akili.

Jioni ile ghala likajaa. Madobi na washonaji, bega kwa bega kati ya rafu za foronya, wakala njama ya kuchukiana. Ilipitishwa bila kupingwa kwamba kila mtu atazungushia moja, hapana kabisa, mwanzo hadi mwisho. Tena kwa kuwa Binti Maswali siku hiyo atakuja na daftari kuwatazama wakikunja, lazima pawe na ugomvi wa maana. Kiwembe akajitolea kuuongoza. Wakajaribu kidogo, lakini Povu aliharibu. Kila alipoambiwa amtukane Bi Pindo, alianza na samahani.

Siku ikafika. Karatasi zikajazwa, mashuka yakashikwa, na Kiwembe akafungua uwanja. Alimsema Bi Pindo mwendo wake, akamsema kicheko chake, akamsema kitambaa chake cha kichwa na namna anavyopiga chafya. Washonaji wakajibu. Shuka moja likavutwa huku na huku mpaka likachanika kweli. Binti Maswali alisimama pembeni, kalamu imeganda mkononi.

Ndipo Bi Pindo akamgeukia Povu, akamwambia kwa sauti ya kusikika korido nzima kwamba yeye na povu lake ni hasara ya hospitali. Sasa ilikuwa zamu ya Povu kujibu, na watu wote walimtazama. Bi Pindo aliona midomo yake ikifunguka, akajua neno lililo karibu kabisa na ulimi wake, lile ambalo lingeaminika na kila mtu.  Povu akazishika vizuri ncha za shuka lake.

"Na wewe," alisema, "unatia sukari nyingi kwenye chai."

Ulikuwa ugomvi mbaya sana kwa kiwango cha ugomvi, lakini Bi Pindo alilazimika kugeuza uso ili machozi yasionekane. Binti Maswali alikusanya karatasi zake, akashukuru kwa adabu, akaondoka bila kunywa chai. Nyuma yake walipeana mikono. Kiwembe alisema mtoto kapita, wakubwa wa chuo watake wasitake.

Baada ya siku chache Binti Maswali alirudi. Hakuwa na daftari. Alisimama palepale aliposimama siku ya kwanza, akasema amekuja kuaga, na kwamba kanuni ya kazi yake inamtaka, utafiti ukiisha, awaeleze waliokubali kushiriki ulikuwa wa nini hasa. Alitaka kujua kama watu waliowekeana kinyongo wanaweza kupatana kwa kazi ndogo inayohitaji mikono ya wawili, na kwa kuulizana maswali ya kiutu. Ndiyo sababu ya mashuka. Ndiyo sababu ya kadi. Aliamini ingewezekana. Namba zimeonyesha kwamba hali sasa ni mbaya kuliko alipowakuta.

"Sitaki mjilaumu," alisema, na sauti ikakatika. "Nimewaongezea chuki badala ya kuwapunguzia. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko chuo. Nisameheni."

Mashine za kufulia zikasikika kutoka ng'ambo.  Mshonaji mmoja akakaa chini polepole. Povu akamtazama Bi Pindo, na Bi Pindo akasimama.

"Mwanangu," alisema, "tulikudanganya."

Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake: ghala, rafu za foronya, wagonjwa na daktari wa meno, sukari. Binti Maswali alisikiliza kwa ule mdomo wake uliofunguka kidogo. Kisha akacheka, kisha akalia, kisha vyote viwili vikamjia kwa wakati mmoja ikabidi ashikwe. Bi Pindo akamwambia alete karatasi upya sasa hivi, wataandika saba mpaka kalamu ziishiwe wino.

"Haiwezekani, mama. Sasa mnajua ninachotaka."

"Lakini ni kweli."

"Mimi najua ni kweli. Nani mwingine ataamini?"

Bi Pindo akauliza ni nani huko chuoni anayepaswa kuamini. Akaambiwa ni profesa anayemsimamia. Akaagiza huyo profesa aletwe, kwa sauti ya mtu anayeagiza uzi.

Profesa alikuja, na hakuwa na makuu. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, aliyevaa viatu vya kutembelea. Alipokea chai, akasikiliza hadithi yote bila kucheka, ingawa kwenye sukari mashavu yalimtetemeka. Kisha akasema neno ambalo kila mtu aliona ni la haki, na ndiyo maana liliwavunja nguvu.

"Dada yangu, mlidanganya kwa kumpenda. Leo mnaniambia mnapendana, na bado mnampenda. Nitajuaje kwamba hamdanganyi tena kwa ajili yake?"

Bi Pindo aliangalia huku na huku. Aliwaza mwavuli, watoto wa shule moja, lifti. Vyote vilikuwa vitu ambavyo mtu angeweza kuvitunga. Binti Maswali alikuwa anatazama sakafu, na shingo yake nyembamba ilimtia Bi Pindo uchungu. Kitu kimoja tu kilikuwa hakitungiki, na hicho alikuwa amekificha kwa bidii kuliko chochote maishani mwake. Aliogopa.  Hata hivyo mtoto wa watu hakustahili kuharibikiwa kwa sababu ya akili yake yeye ya daktari wa meno.

"Mimi sioni vizuri," alisema. "Macho yangu yanakufa. Pini zinazowachoma hawa ni zangu. Huyu Povu nilimwambia, yeye peke yake. Siku ile ya ugomvi alikuwa amebanwa, watu wote wanamngoja anitukane, na tusi lenyewe nilikuwa nimempa kwa mkono wangu. Akasema sukari. Haya. Sasa nimelisema mbele ya wote, na matroni akitaka kuniondoa aniondoe. Lakini mtu anayekuchukia hasemi sukari."

 Bi Pindo alikaa akingoja minong'ono, ile aliyoiogopa kila siku aliyofungua mlango wa korido. Badala yake akasikia Kiwembe akikohoa.

"Tunajua, Bi Pindo," Kiwembe alisema. "Sisi sote tunajua. Povu anapapasa mashuka kama mtu anayetafuta kiroboto, unadhani hatuna macho? Na akitoka, pini anazoziacha tunatoa sisi."

Washonaji nao wakainamisha vichwa. Mmoja akakiri kwamba kila asubuhi anawahi kufika ili amtungie uzi kwenye sindano zote, halafu anajifanya ndiyo kwanza anafika.

Profesa aliweka kikombe chini. Hakumtazama Bi Pindo, alimtazama Kiwembe.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta maneno ya kumchoma siku ile, mbele ya watu, tena kwa ruhusa. Umesema mwendo, umesema chafya. Hili ulikuwa nalo. Nani alikukataza?"

"Anikataze nani?" Kiwembe alionekana kukerwa na swali lenyewe. "Halikunijia tu. Unamsemaje mtu macho?"

Profesa akamwambia mwanafunzi wake kwamba zile namba zitabaki kama zilivyo, na ataziripoti zilivyo, kwa aibu yake yote. Kisha ataandika na hili walilolisikia sasa hivi, neno kwa neno. Na profesa mwenyewe ataomba chuo kimpe binti muda arudie kazi mahali pengine, na watu wasiomjua, na mtu mwingine akusanye majibu, kwa sababu inaonekana binti huyu akikaa na watu wanampenda, na hilo ni tatizo kubwa la kitaalamu. Aliposema hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Binti Maswali alijifunika uso kwa mikono miwili.

Watu walimzunguka, wengine wakimpongeza, wengine wakimpa ushauri wa mahali penye watu wabaya zaidi. Bi Pindo alibaki amekaa. Alikuwa anajaribu kuwaza siku zote zile alizowahi kujificha, akijibana, akihesabu nani yuko upande gani, kumbe wale aliojificha wasimwone walikuwa wanamsitiri. Povu akaja kukaa karibu naye.

"Ulijua kwamba wanajua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Ulikuwa unajificha kwa raha zako," Povu alisema. "Nikaona nisikuharibie."

Bi Pindo aliwatazama wote mle ndani, madobi na washonaji, sura zilizofifia kingo lakini kila moja akiijua kwa sauti yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alitaka kuwatukana, mmoja baada ya mwingine, akakosa pa kuanzia.